Namba kumi na mkata umeme wake

Simiyu haina timu Ligi Kuu. Ina pamba, ina ng'ombe, ina kipande chake cha nyika kuelekea Serengeti na kipande chake cha ziwa upande wa Busega, lakini tangu mkoa huu umegwe kutoka Shinyanga na Mwanza mwaka 2012, mtu wa Bariadi anayetaka kubishana juu ya mpira wa ngazi ya juu ameazima timu. Wachache wameazima ya jirani, Pamba Jiji ya Mwanza, ambayo jina lake pekee lingetosha kuifanya iwe ya wakulima wa huku. Walio wengi wameazima Kariakoo, Simba au Yanga, Msimbazi au Jangwani, mwendo wa zaidi ya kilomita elfu moja kwa basi. Uwanja wa Mkapa hawauingii, mazoezi hawayaoni, na mchezaji hawapishani naye sokoni. Kilichobaki mikononi mwao ni hoja. Ndiyo maana mjadala wa usajili na upangaji wa kikosi hauna msimu wa mapumziko huku. Unaanza kabla dirisha halijafunguliwa, unapita kijiwe cha bodaboda, unakaa kwenye foleni ya mzani wa AMCOS wakati wa kuuza pamba, na unapamba moto nje ya kibanda umiza dakika mbili baada ya filimbi ya mwisho.

Mjadala huo, ukiusikiliza kwa utulivu, karibu kila mara unaishia kwa mtu mmoja: yule kiungo mchezeshaji, fundi, anayesimama nyuma ya straika na kuamua mpira uende wapi. Nani acheze namba kumi? Kwa nini kocha kamweka benchi? Kwa nini viongozi wamemuuza? Huyu mpya ni mtu au ni garasa? (Namba kumi hapa ni kazi, si jezi: Clatous Chama alitawala kazi hiyo pale Simba kwa miaka akiwa na namba 17 mgongoni.) Swali lenyewe si baya. Kasoro yake ni kwamba linaulizwa mapema mno. Misimu minane, kuanzia 2017/18 hadi 2024/25, imegawanyika sawasawa: Simba ilichukua ubingwa wa minne ya mwanzo mfululizo, Yanga wa minne iliyofuata mfululizo. Ukiipanga misimu hiyo na kutazama ni nani walikuwepo mwanzo hadi mwisho wa kila utawala, namba kumi hayumo kwenye orodha, si upande wa Simba wala wa Yanga. Waliomo, ukimwacha straika mmoja wa Simba, ni kipa, mabeki na kiungo mkabaji, yule ambaye vijana humwita mkata umeme.

Kabla ya ushahidi, inafaa kuuliza kwa nini macho ya shabiki yanakimbilia kwa fundi. Sababu kubwa naiona kwenye chombo anachotazamia. Enzi za Redio Tanzania, mtangazaji alimtaja mwenye mpira. Asiye na mpira hakuwepo duniani. Ilipokuja runinga, tukadhani tumeona uwanja mzima, kumbe kamera nayo inafuata mpira. Shabiki wa Malambo au Somanda hapa Bariadi anamwona Chama akipokea, akigeuka, akitoa pasi. Hamwoni mkata umeme Khalid Aucho akipiga hatua tano kushoto sekunde mbili kabla, na kwa hatua hizo kuifunga njia ambayo mpinzani alitaka kuitumia. Hatua hizo haziko kwenye kioo, na hata zingekuwepo hazina kelele. Mkata umeme akifanya kazi yake vizuri hakuna kinachotokea, na kitu ambacho hakikutokea hakibishaniwi. Aliye Mkapa akikaa jukwaani anaweza kuliona hilo kama akitaka, ingawa nakiri wengi wao pia hawataki. Kwa hiyo simlaumu shabiki wa mbali kwa kutojua mpira. Ninachosema ni kwamba ushahidi anaoletewa umechujwa, na aliyeuchuja anampenda namba kumi.

Sasa twende kwa kesi ambayo kila kijiwe huitumia kuthibitisha kwamba timu ni fundi wake. Chama alitua Simba mwaka 2018. Machi 2019, Simba ikihitaji ushindi dhidi ya AS Vita ya Kinshasa ili iingie robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, matokeo yalikuwa bao moja kwa moja hadi dakika za mwisho, na ni Chama aliyefunga la pili. Miaka miwili baadaye, Agosti 2021, klabu ikamuuza kwa RS Berkane ya Morocco, na dirisha hilo hilo ikamuuza Luis Miquissone kwa Al Ahly. Oktoba mwaka huo Simba ilikwenda Botswana ikaifunga Jwaneng Galaxy mabao mawili kwa bila, ikarudi Dar es Salaam na kufungwa tatu kwa moja mbele ya watu wake, ikatolewa kwa kanuni ya bao la ugenini. Kocha Didier Gomes akaondoka ndani ya siku chache. Ubingwa ukaenda Jangwani, kwa Yanga iliyomaliza msimu bila kupoteza mchezo hata mmoja wa ligi. Dirisha dogo la Januari 2022 Chama akarudishwa, na mashabiki wakasema: mliona? Ni hoja yenye nguvu na sitaidharau. Aliyeuza aliuza, timu ikaanguka, ikabidi amrudishe. Mahakama ya kijiwe haihitaji zaidi ya hapo.

Lakini kumbukumbu hiyo hiyo ina kurasa ambazo hazisomwi. Ubingwa wa kwanza kati ya ile minne ya Simba, wa msimu wa 2017/18, ulichukuliwa kabla Chama hajakanyaga Msimbazi. Emmanuel Okwi ndiye aliyekuwa mfungaji bora. Waliokuwepo siku hiyo na wakawepo hadi ubingwa wa nne ni Aishi Manula golini, Shomari Kapombe na Mohamed Hussein 'Tshabalala' pembeni, Jonas Mkude katikati, na John Bocco mbele. Na ile safari ya 2019 inayotajwa kila mara kwa bao la Vita, itazame nzima. Simba ilishinda michezo yake yote mitatu ya nyumbani kwenye kundi, ikiwemo wa Al Ahly. Ugenini ilifungwa tano bila na Vita, tano bila na Al Ahly, mbili bila na JS Saoura. Kikosi kilikuwa kilekile, fundi yuleyule, kocha Patrick Aussems yuleyule. Kilichobadilika ni kwamba ugenini mpira ulikuwa kwa wengine, na mpira ukiwa kwa wengine namba kumi ni mtu wa kumi na moja anayesubiri. Mabao kumi katika safari mbili si makosa ya Chama. Ni picha ya kazi ambayo hakuletwa kuifanya, na wakati ule hapakuwa na wa kuifanya kwa kiwango cha Afrika. Simba ilijifunza. Msimu wa 2020/21 iliongoza kundi lake, na nyuma ya Chama na Miquissone kulikuwa na Taddeo Lwanga kutoka Uganda akikata umeme.

Ukurasa mwingine ni wa karibu zaidi. Julai 2024 Chama aliondoka Simba mara ya pili, safari hii akavuka barabara kwenda Yanga. Msimu aliouacha nyuma Simba ilikuwa imemaliza ya tatu, pointi sawa na Azam lakini chini yake kwa tofauti ya mabao, Chama akiwemo. Msimu uliofuata, bila yeye, Simba ilimaliza ya pili kwa pointi 78 dhidi ya 82 za Yanga, na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho Afrika, ikafungwa mbili bila na RS Berkane kule Morocco na kutoka sare ya moja kwa moja Zanzibar. Kama fundi ndiye timu, hesabu hiyo haielezeki. Inaelezeka ukitazama safu aliyoipanga kocha Fadlu Davids, wapya pamoja na waliokuwepo: golini Moussa Camara, mbele yake Che Malone na Abdulrazack Hamza, katikati Yusuf Kagoma na Fabrice Ngoma. Ndipo akawekwa Jean Charles Ahoua juu yao. Ahoua alimaliza mfungaji bora wa ligi kwa mabao 16, na vijiweni wakasema mengi ni ya penalti. Ni kweli penalti zilikuwa nyingi. Lakini penalti haianguki kutoka mbinguni. Inapatikana na timu iliyokaa muda mrefu kwenye boksi la mpinzani, na timu haikai huko kama kila ikipoteza mpira inakimbizwa hadi golini kwake.

Upande wa Jangwani ushahidi ni mzito zaidi, kwa sababu Yanga ilijaribiwa mara nyingi zaidi. Desemba 2022 Feisal Salum, Fei Toto, mtoto wa Zanzibar aliyekuwa roho ya kiungo chao, aliingiza shilingi milioni 112 kwenye akaunti ya klabu akisema anavunja mkataba. Mabishano yakaenda kwenye kamati za TFF na kudumu miezi sita, hadi akaishia Azam. Katika miezi hiyo ambayo fundi wao hakucheza, Yanga ilichukua ligi, ikachukua kombe la TFF, na ikafika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikaipoteza kwa USM Alger kwa bao la ugenini tu baada ya kushinda Algiers. Aliyeletwa dirisha dogo kuziba katikati hakuwa nyota kutoka ng'ambo. Alikuwa Mudathir Yahya, mzawa aliyekuwa hana timu, kiungo punda kwa lugha ya mtaa, na hakugharimu hata nafasi moja ya mgeni. Kiangazi cha 2023 aliondoka kocha Nasreddine Nabi, na baada yake Fiston Mayele akauzwa Pyramids ya Misri. Misiba miwili ndani ya dirisha moja. Novemba 5, 2023, Yanga ikaifunga Simba mabao matano kwa moja, na matano hayo yalifungwa na watu wanne: Kennedy Musonda, Max Nzengeli mawili, Stephane Aziz Ki na Pacome Zouzoua. Hakuna namba kumi mmoja wa kumshikia bango hapo.

Makocha waliopita Yanga katika ile misimu minne ni Nabi, Miguel Gamondi, Sead Ramovic na Miloud Hamdi. Namba kumi walipokezana, straika walipokezana. Waliobaki? Djigui Diarra golini, tangu alipotoka Mali mwaka 2021. Aucho, aliyefika dirisha hilo hilo. Bakari Mwamnyeto na Dickson Job, waliokuwepo hata kabla. Ibrahim Hamad 'Bacca', aliyeletwa kutoka KMKM ya Zanzibar Januari 2022. Watano, wote wa nyuma au wa katikati-nyuma. Misimu hiyo hiyo ya utulivu wa nyuma Jangwani, Msimbazi walipita makocha kama abiria wa stendi, na golini wakapokezana Manula, Ally Salim, Ayoub Lakred, kisha Camara. Mashabiki wa Simba walitumia miaka hiyo minne kubishana nani mrithi wa Chama. Sikumbuki mjadala mkubwa wa nani mrithi wa Mkude.

Usukuma una somo lake hapa, na ni la zamani kuliko mpira. Mashindano ya ngoma ya Bagika na Bagalu huchezwa kwa kanuni ambayo ingewafurahisha mashabiki wa leo: makundi mawili yanacheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi upande wake. Umati ndio refa. Manju, ningi kwa Kisukuma, anabuni wimbo, anatamba, anawachokoza wapinzani, na jina lake ndilo linalobebwa hadi vijiji vya mbali. Lakini manju hachezi peke yake. Nyuma yake kuna safu iliyofanya mazoezi hadi miguu ikawa mguu mmoja, na ngoma kama bugobogobo ilizaliwa shambani, kwa watu waliolima pamoja kwa mdundo mmoja. Manju mzuri mbele ya safu inayopishana hatua anakimbiwa na umati. Tofauti na mpira ni hii: kwenye ngoma, mtazamaji amesimama hatua chache kutoka kwenye vumbi, anaiona safu yote, na hukumu yake ni ya kuaminika. Kwenye kibanda umiza ameonyeshwa manju tu, halafu anaombwa ahukumu ngoma.

Kuna hesabu nyingine ambayo mjadala wetu huiruka, nayo ni ya nafasi. Katika ile misimu minne ya Yanga, kanuni za ligi ziliruhusu klabu kusajili wageni 12. Kila anayesema "leteni fundi mwingine kutoka Ivory Coast" anatumia nafasi moja kati ya hizo, na nafasi hiyo haipatikani tena hadi mtu atemwe. Ukitazama wale watano wa Yanga, watatu ni Watanzania. Maana yake eneo la mabeki wa kati, ambalo klabu nyingine hununulia wageni, lilisimama juu ya wazawa, na nafasi nyingi za wageni zikaenda mbele kwa akina Aziz Ki, Pacome na Max. Simba ya ubingwa mara nne nayo ilijengwa hivyo hivyo: Manula, Kapombe, Tshabalala, Mkude, Erasto Nyoni, wote wazawa, wageni wengi wakaenda kwenye mapambo na mabao. Shabiki anayelia kwamba klabu yake haina fundi wa maana huenda analia kwa sababu nafasi zimeliwa na mabeki wa kigeni, na mabeki wa kigeni wamenunuliwa kwa sababu hakuna aliyewatafuta wazawa mapema. Bacca hakutoka akademi ya Ulaya. Alitoka timu ya kikosi cha kuzuia magendo.

Wamarekani wana mpira wao wa kushika mikononi, na wana namba kumi wao, kotabeki, ambaye huzua ubishi hata zaidi ya wetu. Ligi yao imeweka kikomo cha jumla ya mishahara, kwa hiyo fedha nyingi kwa kotabeki ni fedha pungufu kwa majitu yanayosimama mbele yake kumkinga. Februari 2021, Kansas City ya Patrick Mahomes, aliyehesabiwa kuwa fundi kuliko wote, iliingia fainali ikiwa imewakosa walinzi wake wote wawili wa pembeni kwa majeraha. Mahomes alikimbizwa usiku kucha na timu yake ikapoteza 31 kwa 9 bila kuvuka mstari wa goli hata mara moja. Tatizo halikuwa mkono wa Mahomes. Ni kwamba hakupewa sekunde tatu za kuutumia. Chama wa Kinshasa na Misri mwaka 2019 angemwelewa.

Pingamizi la kwanza ambalo mtu wa Yanga anastahili kujibiwa ni hili: msimu wa 2023/24 Aziz Ki alifunga mabao 21 akitokea kiungo, akawa mfungaji bora mbele ya Fei Toto wa Azam mwenye 19. Huyo si pambo, huyo ndiye ubingwa wenyewe. Nakubali nusu. Lakini kumbuka Aziz Ki huyo huyo alikuwepo msimu wa kabla yake, na vijiwe vilishasema klabu imetapeliwa, kwamba ukiondoa bao la Tunis lililoitoa Club Africain hakuna cha ziada. Miguu yake haikuwa mipya mwaka wa pili. Kilichotokea ni kwamba nyuma yake hapakuguswa: Diarra, Job, Bacca na Aucho waliendelea, wakajua atapoteza mpira wapi na wakajipanga kabla hajaupoteza. Fundi akijua mgongo wake una watu, anathubutu pasi ngumu. Asipojua, anacheza pasi za pembeni na shabiki anasema amechuja.

Kinyume chake ni Chama aliyevaa jezi ya Yanga. Alitangazwa Julai Mosi 2024, na mji wowote wenye redio ulitikisika siku ile. Naamini ulikuwa usajili wa kumuumiza jirani kuliko wa kujaza pengo, kwa sababu pengo halikuwepo. Aziz Ki alikuwepo, Pacome alikuwepo, Max alikuwepo. Timu moja haiwezi kuwa na watu wanne wanaotaka mpira miguuni na mmoja tu wa kuurudisha. Chama alimaliza msimu akiwa bingwa, lakini bila uhakika wa kuanza, na wale wale waliosema Simba itakufa bila yeye wakaanza kusema uwezo umekwisha. Uwezo haukuwa umekwisha. Alikuwa amenunuliwa kwa kelele, akatua kwenye kikosi ambacho kazi yake ilikuwa na wenyewe. Hapa ndipo mjadala wa mashabiki unapogeuka kuwa gharama halisi: viongozi wa klabu zenye wanachama huchaguliwa, husikia, na hununua kile kinachoshangiliwa. Kelele za vibanda vya Bariadi, Tabora na Mtwara zikijumlishwa zinafika ofisini, na zikifika zinaomba namba kumi.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, na sitajifanya nimelimaliza. Kama uti wa mgongo ndio kila kitu, mbona Yanga ile ile ilikwama Afrika? Mwaka 2024 ilicheza dakika 180 na Mamelodi Sundowns kwenye robo fainali ya Ligi ya Mabingwa bila kuruhusu bao, na bila kufunga, ikatolewa kwa penalti. (Mpira wa Aziz Ki uliogonga mwamba Pretoria na kudunda chini bado unabishaniwa, na utabishaniwa hadi wajukuu.) Msimu uliofuata haikutoka hata kwenye kundi. Hapo kipa na mabeki walikuwa wale wale. Jibu langu ni kwamba ligi ya michezo 30 na mtoano wa michezo miwili ni mitihani tofauti. Ligi inampa tuzo asiyeanguka. Mtoano unampa tuzo aliyefungua mlango uliofungwa, na huko fundi wa daraja la juu kabisa anahitajika kweli. Kwa hiyo shabiki anayedai namba kumi mkubwa kwa ajili ya Afrika ana haki, mradi adai baada ya kuhakikisha wa nyuma wapo. Simba ya 2019 ilikuwa na fundi bila mgongo wa kiwango cha Afrika ikala tano tano. Yanga ya 2024 ilikuwa na mgongo, ikakosa inchi chache. Kati ya kukosa huko kuwili, najua ni upi ninaouchagua.

Na kwa anayetaka kuona mgongo ukiondolewa kwa mtu mmoja tu, Novemba 2024 inatosha. Yanga ilikutana na Azam, Bacca akaonyeshwa kadi nyekundu mapema, ikafungwa bao moja bila. Mchezo uliofuata, Bacca akiwa nje kwa adhabu, ikafungwa tatu kwa moja na Tabora United. Aziz Ki alikuwa bado mchezaji wa Yanga, Pacome pia, Chama pia. Siku chache baadaye Gamondi akafukuzwa. Mjadala uliotawala ulikuwa kama kocha ameishiwa mbinu na kwa nini Chama haanzi. Beki mmoja wa kati aliyekosekana alitajwa kama habari ya pembeni.

Kiangazi cha 2025 vijiwe vilipata chakula cha kutosha. Aziz Ki alikuwa ameshakwenda Wydad ya Casablanca. Tshabalala, baada ya zaidi ya miaka kumi Msimbazi, akahamia Jangwani, na kwa wiki nzima hapakuzungumzwa kingine. Chama akaondoka Yanga kwenda Singida Black Stars, na watu wakagawanyika kama kawaida, wengine wakisema amekwisha, wengine wakisema ameonewa. Dirisha hilo hilo Aucho naye aliondoka Yanga, baada ya misimu minne na mataji manne ya ligi, akaelekea klabu ile ile ya Singida. Safari yake haikuzua hata robo ya ubishi wa Chama. Kocha aliyewapokea wote wawili huko Singida alikuwa Miguel Gamondi.